Gunia na Zizi: Nafaka na Ng'ombe Wakati wa Ukame katika Nchi ya Ugogo

Neno kuhemea limo katika kamusi zetu za Kiswahili, lakini si kila ajuaye maana yake amepata kulitenda. Kuhemea ni kutoka nyumbani kwako kwenda kutafuta chakula katika nchi ya watu wengine wakati kwako kumekauka. Mtu huhemea kwa fedha akiwa nazo. Huhemea kwa jasho lake, akilima shamba la mwenye akiba ili jioni apimiwe pishi ya mtama. Au huhemea kwa mnyama anayemswaga mbele yake. Katika nchi ya Ugogo, iliyo katikati ya Tanzania, njia hii ya tatu ndiyo iliyowavusha watu katika miaka mingi mibaya, nayo ilichangia sana kuzijenga mila zao za mifugo. Mzee wa Kigogo aliyeulizwa ghala lake liko wapi hangekosea kama angeonyesha zizi.

Siku hizi linaulizwa swali linalokwenda kinyume cha njia hiyo. Watu wa mifugo, na hasa vijana waliosoma, huuliza kama haifai, mvua inaposhindwa, kumpa ng'ombe mahindi ili asife, au hata anenepe na kuuzwa kwa bei nzuri. Swali ni la haki, wala hatulidharau. Lakini kwa Mgogo wa zamani lingesikika kama habari ya mtu anayetaka kumlisha punda mzigo uliokuwa mgongoni mwake. Ng'ombe ndiye aliyetazamiwa kuleta nafaka. Itakuwaje tena nafaka imponye ng'ombe? Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba wazee hawakuwanyima ng'ombe nafaka kwa ujinga, wala kwa uchoyo, bali kwa hesabu. Na kwamba hesabu hiyo, ikikaguliwa kwa maarifa ya leo, inasimama karibu yote. Palipo na nafasi ya kuirekebisha tutapaonyesha.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Ugogo hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki mbingu ni tupu. Tena mvua hizo hazina ahadi. Zaweza kuanza vizuri, mkulima akapanda, mimea ikafika magotini, kisha zikakatika wiki tatu na kurudi wakati hazina tena wa kumfaa. Zaweza pia kunyesha katika kijiji kimoja na kukiruka cha pili, hata watu wa huku wakawa wanavuna na wa kule wanaangalia vumbi. Ndiyo sababu wazee walishikamana na uwele na mtama. Mtama ukikosa maji hukunja majani yake na kungoja. Mvua ikirudi huendelea na safari. Hindi halingoji. Likikosa maji katika siku zile chache linapochanua na kutoa ndevu, hubaki bua refu lenye gunzi tupu. Mahindi ni mgeni katika Afrika: asili yake ni Amerika, na Wareno ndio walioyaleta pwani kuanzia karne ya 16. Huku Ugogo yaliheshimiwa kama mgeni anavyoheshimiwa, lakini hayakupewa funguo za nyumba. Vilindo vya magome ya miti vilivyohifadhiwa ndani ya tembe vilijazwa kwanza uwele na mtama.

Ng'ombe wa Ugogo ni zebu, mdogo wa umbo, mwenye nundu na miguu ya kuhimili mwendo. Kwake hutoka maziwa, mahari, fidia ya makosa, na mnyama wa tambiko. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote mahali pamoja. Aliwagawa kwa marafiki na wakwe katika vijiji mbalimbali, mlezi akinufaika kwa maziwa, na mwenyewe akijua kwamba mvua ikikiruka kijiji kimoja, au ugonjwa ukiingia katika zizi moja, hatabaki mikono mitupu. Marehemu Mathias Mnyampala, mshairi na mtumishi wa serikali aliyezaliwa Ugogo, ndiye aliyetuandikia habari za watu wake katika kitabu Historia, Mila na Desturi za Wagogo, kilichochapwa mwaka 1954, na kila anayetaka kuzungumza juu ya nchi hiyo kwa Kiswahili anatembea katika njia aliyoifyeka yeye.

Basi ulipofika mwaka wa ukame, mwanamume alichagua mnyama na kumswaga hadi kwa majirani waliopata mvua: Ukaguru na Usagara upande wa mashariki, Uhehe upande wa kusini, au kwa Warangi upande wa kaskazini. Huko kwenye milima na vilele vinavyonasa mawingu, nafaka ilikuwapo. Ng'ombe walibaki huko, na mizigo ya nafaka ikarudi vichwani mwa watu na migongoni mwa punda. Na kwa kuwa safari hizo zilirudiwa kizazi baada ya kizazi, zilizaa urafiki na ndoa, hata mtu akaenda kuhemea kwa shemeji yake na si kwa mgeni. Jambo hili tunalitilia mkazo, maana nafaka ya rafiki hupimwa kwa mkono mwingine.

Lakini mizani ya ng'ombe na nafaka haitulii. Katika mwaka mwema dume moja lililonona huleta mizigo mingi ya mtama, kwa sababu nafaka imejaa na ng'ombe ana thamani. Katika mwaka wa ukame mambo mawili hutokea kwa pamoja. Nafaka hupungua na kupanda bei. Na wakati huohuo kila mtu huleta ng'ombe wake sokoni, tena akiwa amekonda, hata bei yake ikaanguka. Mkono mmoja wa mizani hupanda na wa pili hushuka, na mfugaji huumizwa mara mbili kwa msiba mmoja. Wataalamu wa uchumi wameandika mengi juu ya jambo hili. Wazee walilijua kwa kuona. Kwa hiyo busara yote ya kuhemea ilikuwa katika kuwahi. Mnyama aende angali na nyama mgongoni, na njiani mngali na maji na majani ya kumfikisha. Aliyeondoka Juni alirudi na mizigo. Aliyengoja hadi Novemba, akitumaini mvua za mwanzo, aghalabu alirudi na ngozi.

Palitokea nyakati ambapo hata kuwahi hakukusaidia, kwa sababu zizi lenyewe lilikuwa limekwisha kuvunjwa. Katika miaka ya 1890 sotoka iliangamiza ng'ombe katika Afrika ya Mashariki, na Ugogo haikusalimika. Kisha ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepita katikati ya nchi yao. Majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza, yalichukua ng'ombe kwa maelfu, yakachukua unga, na yakachukua wanaume wenye nguvu kuwa wapagazi. Mvua iliposhindwa, mwenye nyumba hakuwa na ng'ombe wa kuswaga wala kijana wa kumswaga, na majirani wa kuhemea kwao walikuwa wamenyang'anywa vilevile. Inakisiwa kuwa watu wapatao 30,000 walikufa katika wilaya iliyokuwa na watu 150,000 hivi, yaani mmoja katika kila watano. Jina lenyewe la njaa hiyo lina maana ya kunyang'anyana. Tunaieleza habari hii kwa sababu huko nyuma wako watawala walioandika kwamba njaa za Ugogo ni matokeo ya mapenzi ya Wagogo kwa ng'ombe. Mtunya ilionyesha kwamba Ugogo ilikufa ilipokosa ng'ombe.

Sasa tuingie katika hesabu tuliyoitaja mwanzoni. Mtu mzima anayeishi kwa nafaka hutumia kama nusu kilo kwa siku. Ng'ombe wa Ugogo, mwenye uzito wa kilo 250 hivi, akinyimwa majani yote na kulishwa mahindi peke yake kwa kipimo cha kumzuia asife tu, atahitaji kilo 2 hadi 3 kwa siku. Tuseme kilo 2 na nusu. Hicho ni chakula cha watu watano. Gunia la kilo 100 litamweka hai siku 40. Kiangazi chote, tangu Juni hadi mwisho wa Novemba, ni siku 180 na ushei, na ng'ombe mmoja atakuwa amekula magunia manne na nusu. Mwenye ng'ombe kumi atakuwa amefungua magunia 45. Na baada ya kufungua yote hayo hatakuwa na ng'ombe walionona. Atakuwa na ng'ombe waliokonda ambao hawajafa.

Akitaka wanenepe, hesabu ni nzito zaidi. Ng'ombe wa nyama anayenenepeshwa zizini hula kama kilo 7 za chakula kikavu ili aongeze kilo 1 ya mwili wake, na katika kilo hiyo kinachofika mchuzini ni kama nusu. Katika nchi yenye nafaka iliyozidi mahitaji ya watu, hasara hiyo huvumilika, maana nyama ina bei kuliko punje. Katika nchi ambayo mama anapima kibaba kwa jicho ili kifike Jumapili, hesabu hiyo haifanyiki kamwe. Wala haikuwa hesabu ya matumbo peke yake. Zizi la Kigogo liko wazi. Majirani hupita, watoto wao huingia na kutoka. Mtu aliyemwaga nafaka mbele ya dume wakati mtoto wa jirani amelala bila kula angehitaji moyo mgumu, na kesho yake, akipatwa na msiba yeye, angehitaji moyo mgumu zaidi.

Tena liko jambo la tumbo la ng'ombe mwenyewe. Ng'ombe ni mnyama wa kucheua. Tumbo lake kubwa ni kama mtungi ambamo majani huvundikwa na kuchachushwa na vijidudu vilivyoumbiwa kazi hiyo. Vijidudu hivyo huzoea chakula cha namna moja. Ng'ombe aliyekaa miezi mitatu akitafuna majani makavu, ukimfungulia gunia la mahindi siku moja kwa kumhurumia, punje zile huchacha upesi, tumbo hujaa asidi, mnyama hulala chini, na pengine baada ya siku moja au mbili amekufa kwa shibe. Wafugaji wanajua habari za ng'ombe mwenye njaa aliyevunja mlango wa ghala usiku akakutwa asubuhi amevimba. Anayetaka kumpa nafaka hana budi kuanza na nusu kilo au pungufu, kuipandisha pole pole kwa wiki mbili au tatu, kuiparaza punje badala ya kuitoa nzima, na kumshibisha mabua kwanza. Kazi hiyo yataka mtu mwenye subira na wakati. Na wakati wa ukame, mwenye subira na wakati yuko njiani kutafuta maji.

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mambo ya nchi masikini, na kwamba kwenye nchi kubwa za mahindi ukame hauwatishi wafugaji. Tutazame Marekani, ambako ng'ombe wa nyama hunenepeshwa kwa mahindi kuliko mahali pengi duniani. Mwaka 1934 ukame mkubwa uliipata nchi hiyo. Majani yalikauka, na mahindi yaliyotazamiwa kuwaokoa ng'ombe yalikauka pamoja nayo, kwa maana jua halichagui shamba la mtu wala la mnyama. Serikali yao ililazimika kuingia sokoni yenyewe, na kati ya mwaka huo na 1935 ilinunua ng'ombe wapatao milioni 8.3 kutoka kwa wafugaji waliokuwa hawana cha kuwalisha. Waliofaa walichinjwa, na nyama yao ikatiwa makoponi kwa ajili ya masikini. Wengi waliokwisha kudhoofu waliuawa na kufukiwa papo hapo. Kwa maneno mengine, nchi ya mahindi ilipobanwa ilifanya aliyofanya mzee wa Ugogo: ilipunguza zizi kabla zizi halijajipunguza lenyewe. Tofauti ni kwamba ilichelewa, na ilikuwa na hazina ya kulipia kuchelewa kwake.

Mahindi hayohayo ya Marekani yalikuja kutufikia sisi. Ukame wa miaka ya 1973 hadi 1975 uliipata Tanzania wakati mamilioni ya watu wake walikuwa wakihamishiwa vijijini. Ugogo ilikuwa imetangulia kwa Operesheni Dodoma ya mwaka 1971. Kuwakusanya watu kulileta shule na zahanati karibu, lakini kulikusanya na ng'ombe, na malisho yaliyokizunguka kijiji yakachakaa upesi kuliko yale yaliyotawanyika. Na desturi ya kuwagawa mifugo kwa marafiki wa mbali ikadhoofika. Hilo ni lazima lisemwe. Nafaka ikaagizwa kutoka nje, na sehemu kubwa ilikuwa mahindi ya njano. Watu wetu waliozoea unga mweupe waliuita unga ule "wa Yanga", kwa rangi ya timu ya mpira, wakaucheka na kuula. Kilichokuwa hakichekeshi ni kwamba mahindi ya namna hiyo, huko yalikolimwa, hulimwa hasa kwa ajili ya mifugo. Mtu wa Dodoma alipimiwa chakula cha ng'ombe wa ng'ambo, na papo hapo ng'ombe wake mwenyewe alikuwa akianguka malishoni kwa kukosa hata bua. Tunapoambiwa kwamba kumpa ng'ombe mahindi ndiyo maendeleo, yafaa tukumbuke gunia lile la njano na kuuliza ni ng'ombe wa nani, na ni mahindi ya nani.

Majirani zetu wa Kenya walijaribu njia hiyo kwa dhati. Mwishoni mwa miaka ya 1960, wakisaidiwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa, waliendesha huko Lanet, karibu na Nakuru, mradi wa kunenepesha zizini ng'ombe walioletwa kutoka nyika kavu, wakiwalisha mahindi yaliyovundikwa shimoni yangali mabichi na kuwaongezea punje. Kwa upande wa utaalamu mradi ulifaulu: ng'ombe wa nyikani walionyesha kwamba wakipewa chakula wanaongezeka vizuri. Lakini bei ya mahindi ilipopanda katika miaka ya 1970, hesabu ikaikataa kazi. Hapa kwetu, Kongwa, katikati ya Ugogo, Waingereza walikuja mwaka 1947 na mradi mkubwa wa karanga. Ukame na udongo mgumu viliwashinda kabla ya miaka mitano kwisha, na ardhi ile ikageuzwa kuwa ranchi ya ng'ombe. Ranchi ya Kongwa ingalipo, na ng'ombe wake wanaishi kwa majani. Nchi yenyewe ilikwisha kutoa shauri lake.

Basi wazee waliwalisha nini ng'ombe wakati wa ukame, kama si nafaka? Hapa ndipo penye utajiri wa habari, na ndipo tunapoona kwamba mahindi yana njia nyingine ya kumfikia ng'ombe bila kupita katika kinywa cha mtoto.

Njia ya kwanza ni mabua. Baada ya mavuno shamba hufunguliwa, na ng'ombe huingia kula mabua ya mtama, uwele na mahindi, nao huacha samadi. Mwenye shamba na mwenye ng'ombe, hata wakiwa watu wawili, hunufaika wote. Mwaka wa ukame hutoa mabua hata unapokosa kutoa punje: shamba la mahindi lililokataa kubeba ni shamba zima la malisho, ikiwa mwenyewe ana moyo wa kulikata mapema, majani yangali na rangi, na kuyahifadhi juu ya uchanja. Wengi huchelewa kwa tumaini la mvua ya mwisho, na tumaini hilo huacha vijiti vyeupe visivyo na chochote ndani yake. Yako ya kuangalia. Bua la mahindi lililoteswa na jua hukusanya chumvichumvi ya sumu katika sehemu yake ya chini, hivyo lisikatwe kwenye shina kabisa, wala ng'ombe mwenye njaa asishibishwe hilo peke yake. Na mtama mchanga unaochipua baada ya mvua ya kwanza, ule unaopendeza macho kuliko vyote, una sumu inayoweza kumuua ng'ombe kwa muda mfupi. Mchungaji asiyejua hilo hajakabidhiwa zizi bado.

Njia ya pili ni majani yaliyozuiliwa. Wasukuma huita ngitili eneo lililofungwa tangu mvua hadi kiangazi ili liwe akiba ya ng'ombe walio dhaifu. Wamasai nao hutenga malisho ya ndama karibu na boma, na dume lililonona haliruhusiwi kukanyaga hapo. Ngitili karibu zitoweke. Mwaka 1986, serikali ilipoanza kazi ya kuhifadhi ardhi ya Shinyanga, zilizoandikwa zilikuwa hekta zipatazo 600 tu. Mwanzoni mwa karne hii zilikuwa zimezidi hekta 300,000. Kwa maoni yetu hakuna habari njema kuliko hiyo katika historia ya mifugo ya nchi hii, na inasikitisha kwamba haijaimbwa.

Njia ya tatu ni masalio ya nafaka: pumba za kinu, magunzi yaliyopondwa, na siku hizi mashudu ya alizeti, ambayo mikoa ya Dodoma na Singida inayo kwa wingi kwa sababu alizeti inaivumilia nchi kavu. Pumba na mashudu vina kile ambacho majani makavu yamekipoteza, na ng'ombe akipewa kidogo tu huweza kuyatumia mabua ambayo peke yake yangempitia tumboni bila faida. Hapa tumewazidi wazee wetu. Wao hawakuwa na mashine wala alizeti ya kukamua. Lakini tuwe waangalifu na mahindi yaliyoota ukungu, ambayo watu hupenda kuyatupia mifugo kwa kudhani hayana hasara. Hindi lililodhulumiwa na ukame shambani ndilo hasa linaloshikwa na kuvu. Mwaka 2016 watu waliugua, na wengine walikufa, katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Na sumu hiyo ikiliwa na ng'ombe wa maziwa humrudia mtu katika kikombe.

Ukame wa mwishoni mwa mwaka 2021 na mwanzoni mwa 2022 uliyapa maneno haya ushahidi mpya. Katika wilaya za Umasaini, Simanjiro na jirani zake, makumi ya maelfu ya mifugo ilikufa. Katika ukame wa namna hiyo bei ya pumba hupanda na bei ya ng'ombe huanguka, na wako wafugaji ambao hufikia kuwanywesha ng'ombe waliolala uji wa unga wa mahindi, wakiwainua mkiani kila asubuhi. Hatuwacheki. Mtu anayemnywesha ng'ombe wake uji hafanyi biashara. Anamuuguza mgonjwa wa nyumbani. Lakini ng'ombe aliyekwisha kulala chini ni mara chache huinuka, na unga ule ungalifaa zaidi miezi miwili nyuma, kwa mnyama mmoja aliyechaguliwa, wakati madume yote yangali na uzito wa kupeleka mnadani.

Hapo ndipo tunaporekebisha hesabu ya wazee, kwa kiasi kidogo. Dume la nyama halistahili nafaka wakati wa ukame; nafasi yake ni mnadani mwezi wa Juni, na fedha yake ndiyo nafaka ya nyumba. Mtamba na jike lenye mimba ni habari nyingine. Mtamba wa zebu huzaa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka minne hivi, na baada ya hapo hukaa mwaka mmoja na nusu au miwili kabla ya kuzaa tena. Zizi la ng'ombe kumi likipunguzwa hadi mawili huhitaji miaka kumi na zaidi kurudi lilivyokuwa, na kwa miaka yote hiyo mwana wa kiume hana mahari, na nyumba haina cha kuhemea ukame mwingine ukija. Tena mvua zikirudi, mizani tuliyoitaja hugeuka kwa ghafula: nafaka hushuka, kila mtu hutafuta jike la kuanzia, na mtamba asiyepata mnunuzi Novemba huwa hapatikani Machi.

Kwa hiyo, gunia moja likitengwa kwa ajili ya mtamba mmoja, lisifunguliwe Juni wala Agosti, wakati mabua yangalipo. Tumekwisha kuona kwamba lina siku 40 ndani yake kama ni nafaka peke yake, na zaidi kidogo likichanganywa na mabua. Siku hizo ni zile za mwisho, tangu mwanzo wa Novemba hadi majani mapya yafike kimo cha ulimi, ambazo ndizo huwaua ng'ombe wengi, wakiwa wamesikia harufu ya mvua. Lifungwe vizuri, liinuliwe juu ya udongo, lisipate kuvu. Na kama katika siku hizo 40 jirani atakuja mlangoni na kibaba kitupu mkononi, ndilo gunia litakalofunguliwa, na mtamba atangoja na mabua yake.